Buti la Bibi Sesilia Kwenye Landrova

Hasira za Nikodemu zilianza kabla Mngoni hajagusa gari. Zilianza jana yake, alipokwenda dukani kutafuta sabuni ya kumwoshea mama yake akaambiwa apange foleni. "Nina maiti nyumbani," akasema. Muuzaji akamjibu kwamba kila aliyesimama pale ana lake. Ndiyo miaka ile ilivyokuwa, hata ukifiwa unapanga foleni. Akapanga. Akarudi Mtoni na kipande cha sabuni kinachofichika kiganjani.

Mama yake alikuwa Bibi Sesilia, Mmwera wa Nyangao, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu. Alikuja Dar es Salaam akimfuata mumewe aliyekuwa kibarua kwenye shamba la minazi Mbweni, na mume akafia hukohuko Mbweni, akazikwa nyuma ya kanisa dogo la udongo. Bibi akahamia Mtoni na watoto wake wawili, Nikodemu na Anjelina, akawalea kwa mpunga wa bonde la Mto Kizinga. Kila siku alikwenda bondeni na mabuti yake ya mpira, meusi, ya mguu mdogo kama wa msichana. Na alipoona siku zake zimekaribia aliacha neno moja tu. "Mnizike Mbweni kwa baba yenu. Mkinizika kwingine nitawasumbua."

Mbweni na Mtoni ni huku na kule, mji mzima uko katikati. Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, na Jumapili za wakati ule magari mwisho saa nane mchana, serikali inabana mafuta. Ikipita saa nane ukakutwa barabarani huna kibali, utajieleza vizuri na jeneza lako. Kungoja kesho haikuwezekana. Walikwisha kumngoja Anjelina atoke Lindi, njia ya kusini imejaa tope, na joto la Dar halimwonei haya maiti. Kwa hiyo ama azikwe Mbweni leo kabla ya saa nane, ama azikwe hapahapa Temeke alipokataa.

Gari lilikuwepo, Landrova ya ushirika wa maseremala wa Keko. Nikodemu ndiye aliyekuwa dereva wake na ndiye fundi wake. Aliifungua injini ile kwa mikono yake, akangojea ringi za pistoni mwaka mzima, akaifunga tena, na sasa ilikuwa inanguruma vizuri. Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Marijani, mzee wa Kizaramo asiyependa maneno mengi, alimkabidhi ufunguo mwenyewe. "Kamzike mama, mwanangu," akamwambia. "Ila gari lirudi linapumua. Maseremala wote wanakula humo."

Sasa sikia habari ya huyu Mngoni. Aliitwa Alfonsi, kuli wa bandarini Kurasini, jitu la miraba minne. Wangoni na Wamwera ni watani tangu mababu, tangu Wangoni walipokuwa wakiwavamia wenzao kwa mikuki na kuondoka na kuku zao. Vita vilipokwisha, wakaona afadhali wachekane. Mtani hana adabu na hadaiwi adabu. Msibani ndiye mwenye shughuli. Atavaa nguo za marehemu na kutembea mwendo wake, atawatukana wafiwa katikati ya kilio, atazuia jeneza mpaka apewe kitu. Na wewe mfiwa hukasiriki. Ukikasirika umevunja utani, na maiti wako ameaibika mbele za watu.

Na Alfonsi hakuwa mtani wa kupita njia. Bibi Sesilia alimwita "mwizi wangu." Kila akija Mtoni lazima aondoke na kitu, leo mwiko, kesho jogoo, na bibi lazima amkimbize mpaka barabarani akimtukania ukoo mzima, kisha warudi wale pamoja. Safari moja bibi alikwenda mwenyewe hadi Kurasini, akamwanulia shati kambani, akalivaa Jumapili kanisani. Alfonsi alicheka mpaka akatolewa nje.

Nikodemu aliyajua yote hayo. Alijua pia kwamba kwenye msiba wa Chang'ombe Alfonsi aliiba ufunguo wa gari la maiti, na watu wakahangaika kuutafuta mpaka jua likageuka. Kwa hiyo safari hii ufunguo aliutia kamba akauvaa shingoni, ndani ya shati.

"Leo umeula wa chuya," akamwambia Alfonsi asubuhi. "Ufunguo ninao mie."

"Nani ana shida na ufunguo wako?" Alfonsi akasema. Nikodemu angejiuliza hapo hapo, lakini alikuwa na mambo mengi kichwani.

Saa nne katekista alimaliza sala, wanaume wakalitoa jeneza nje. Mara nyuma ya nyumba akatokea bibi. Loo! Gauni lake la maua lililopasuka makwapani kwa mabega ya kuli, kilemba chake, na miguuni yale mabuti ya mpira. Miguu ya Alfonsi haikuingia hata nusu. Visigino vilikwama juu, akawa anatembea kwa ncha za vidole, mkono mmoja kiunoni, akiwafokea bata wasiokuwepo. "Nikodemu! We Nikodemu! Umelala mpaka sasa, mpunga utavunwa na baba yako aliyekufa?" Ilikuwa sauti yake hasa. Kina mama walipiga vigelegele huku wanalia. Anjelina alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Nikodemu mdomo ulimcheza upande mmoja.

Alfonsi akaenda kukaa juu ya bampa ya Landrova, akakunja mikono.

"Gari halitoki," akatangaza. "Nimechukua kitu. Leteni jogoo."

Watu wakacheka. Jogoo akaletwa. Alfonsi akampima kwa mkono, akalalamika kwamba Wamwera wanafuga kunguru, akamkubali. Ndipo akaingiza mkono ndani ya gauni, akatoa alichoiba, akakiinua juu kila mtu akione.

Kilikuwa kiwiko cha hewa, na kilikuwa kimechanika kutoka mdomo hadi mdomo.

Nikodemu alikiona kabla hajakielewa. Kwenye injini ile hewa huingia kwanza kwenye chujio, bakuli la chuma lenye oili ya kunasa vumbi, halafu hupita kwenye mpira uliopinda kama kiwiko cha mkono, ndipo ishuke kwenye kabureta. Mpira ule ulikuwa umezeeka na kukaushwa na moto wa injini. Ulitaka kulegezwa klipu zake mbili na kuvuliwa polepole. Alfonsi alilegeza klipu moja, ya pili ikamkatalia, akavuta kwa nguvu za kuli.

"Umefanya nini?" Nikodemu akauliza.

"Nimeiba," Alfonsi akajibu, bado na sauti ya bibi. "Nani kawafundisha kufunga funguo shingoni na kuacha boneti wazi? Shika mpira wako, mtoto wa mkimbia mikuki!"

"Umechanika."

"Utashona."

Watu wakacheka tena, maana wao waliona kipande cha mpira tu. Nikodemu akaupokea, akaukunjua, ukaachia vipande viwili mikononi mwake. Akafungua boneti. Mdomo wa kabureta ulikuwa wazi unatazama mbingu.

"Si liende hivyohivyo?" Anjelina akamwuliza. "Injini si ipo?"

"Haliendi hivyohivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu njia ya Mbweni ni mchanga mtupu! Itavuta mchanga badala ya hewa, itasaga ringi, itazimika porini na mama yuko juu. Unataka akae njiani juani?"

Alijaribu, isisemwe hakujaribu. Alichukua khanga akaifunga kwenye mdomo wa kabureta ichuje vumbi, akawasha. Injini ikaivuta khanga ndani, ikakohoa, ikazima. Akaitoa, akakunja nyingine mara mbili, ikakosa pumzi kabisa. Mzee Marijani alikuwa amesimama pembeni na kanzu yake nyeupe, ananyamaza, na ule unyamavu wake ukamchoma Nikodemu kuliko kelele. Spea ya mpira ule hakuna Dar es Salaam nzima, hata siku ya kazi. Ungekwenda dukani wangekuonyesha rafu tupu. Na hii ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa, jua linapanda.

"Unathamini injini kuliko mama," Anjelina akasema.

Hilo ndilo lililomwaga mtungi. Nikodemu akageuka. Kila kilichomkera tangu jana kilimpanda pamoja, foleni ya sabuni, njia ya Lindi, amri ya saa nane, maduka matupu, na kule kufa kwenyewe, na mbele yake amesimama mtu mwenye jogoo kwapani anatabasamu.

"Mpumbavu wewe!" akapiga kelele. "Mshenzi! Umeniharibia mazishi ya mama yangu! Hayawani mkubwa usiyejua hata kufungua klipu!"

Alfonsi akadhani ndio utani umekolea. "Hapo sasa!" akasema kwa sauti ya bibi. "Nitukane, mwanangu, nisikie raha."

Nikodemu akampiga kofi, kofi la mkono mzima. Kilemba kikaruka, jogoo akatoroka, na Alfonsi, aliyekuwa amesimama kwa ncha za vidole kwenye mabuti yasiyomtosha, akaanguka chali mchangani na gauni la maua likafunuka.

Mwanamke mmoja mzee akapiga ukelele. "Kampiga mama yake! Jamani, kampiga mama yake!"

Vilio vikakatika. Waliokuwa wakibeba jeneza kwa zamu wakaliweka chini taratibu. Katika msiba wa Wamwera, mbele ya jeneza, mtoto amempiga mtani aliyevaa nguo za mama, na hakupiga kwa utani. Nikodemu aliuona mkono wake bado uko juu, akaushusha. Lakini usidhani hasira ilimtoka. Aliona aibu na hasira pamoja, na aibu ikaichochea hasira.

Alfonsi hakuinuka. Alijishika shavu. "Umekasirika kweli," akasema, na safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Nimekasirika kweli! Nani kakuambia uguse injini? Nani?"

"Nilitaka kumchelewesha bibi kidogo," Alfonsi akasema. "Basi. Nilitaka asiondoke haraka."

Nikodemu alikuwa na jibu, tena baya, liko mdomoni. Lakini macho yalikuwa yamekwama mahali. Alfonsi alikuwa chini, mguu mmoja umekunjwa, na buti limebaki kwenye ncha za vidole vyake likiwa limelala kiubavu. Mguu wa buti unakwenda hivi, halafu kifundo kinapinda, halafu wayo unakwenda vile. Ni mpira mzito, mzima, usiopitisha hata maji ya bonde la Kizinga. Yule fundi aliyekuwa ndani ya Nikodemu, ambaye hana habari na misiba ya watu, akaona kiwiko.

"Vua hilo buti," akasema.

"Nini?"

"Vua, nimesema! Na uniletee kisu. Kikali."

Anjelina alifika kabla ya kisu. Alisimama kati yake na lile buti, mikono kiunoni, mama yao hasa. "Buti la mama hukati," akasema. "Umeshampiga, sasa unataka kumkata na mguu?"

"Nitamkata na mguu, na atakwenda Mbweni! Au unataka buti zima na mama azikwe Temeke? Chagua! Chagua upesi, dada, jua halikungoji wewe!"

Anjelina alimtazama kwa chuki kabisa. Kisha akainama, akalivuta buti la kulia kutoka mguuni mwa Alfonsi, akamtupia kaka yake kifuani. "Kata basi," akasema. "Na usilie."

Ndani ya buti, kwenye ncha, kulikuwa na tope la Kizinga limekauka. Nikodemu alilikwangua lote, akapangusa kwa kitambaa kibichi mara kadhaa, maana punje moja tu ya mchanga ikishuka kwenye kabureta itakuwa kazi bure. Akachuna kitambaa cha ndani mpaka ukabaki mpira mtupu. Akakata ncha ya vidole. Akakata na mguu wa buti, chini ya mahali pa shavu la mguu. Kikabaki kifundo na kisigino, kitu kifupi kilichopinda, wazi huku na huku. Alikata huku akisonya, na kila kisu kilipokwama kwenye soli aliilaani soli, akamlaani aliyeitengeneza, akailaani na Landrova.

Midomo ya buti ilikuwa mipana kuliko mabomba ya gari. Alichana tyubu kuukuu la baiskeli, akazungushia vipande vyake kwenye bomba la chujio na kwenye shingo ya kabureta mpaka vikanenepa. Akausukuma mdomo wa juu wa buti kwenye chujio na mdomo wa wayo kwenye kabureta. Ukafika. Pinda kwa pinda, ukafika! Akavuta vipande vingine vya tyubu, akavikaza juu yake tabaka kwa tabaka, akamalizia kwa waya. Ilihitaji mikono minne, miwili ya kushika na miwili ya kufunga. Mikono mingine ilipotokea mbele yake kushika, hakuinua uso kutazama ni ya nani. Aliijua. Ilikuwa mikubwa, na kwenye mikono ya gauni kulikuwa na maua.

"Kaza hapo," alisema tu. "Kaza, we mtu, hujala?"

Akawasha. Injini ikaitika. Akaikanyaga mafuta, na buti likanywea. Jamani, lilibonyea lote kama shavu la mtu anayefyonza embe, injini ikakabwa, ikafa.

Nikodemu alilipiga gari teke. Alizunguka nyuma akalipiga jingine. Pale ndipo watu walipoanza kunong'ona kwamba basi, lichimbwe kaburi Temeke, wapelekwe vijana na majembe. Katekista akatazama saa yake, akafunga kitabu.

"Hakuna kuchimba!" Nikodemu akafoka. "Anayetaka kuchimba akajichimbie mwenyewe!" Akarudi kwenye boneti, akasimama, akilitazama lile buti. Linataka mbavu, akawaza. Mpira hauna mbavu.

"Linataka waya mnene ndani," akasema, hamwambii mtu. "Uliozungushwa kama springi."

Alfonsi akamsikia. Alikwenda kwenye uzio wa bustani ya bibi, akang'oa waya mnene uliokuwa umeshikilia mti na mti, akachukua na mchi wa kinu. Akauzungusha ule waya kwenye mchi kwa mikono mitupu, mishipa imemsimama, mpaka ukawa springi. Akamkabidhi Nikodemu, akitazama pembeni. Nikodemu akakunja ncha zake zisije zikachoma mpira, akaipenyeza ndani ya buti, akafunga upya kila kitu tangu mwanzo. Akawasha. Akakanyaga. Buti likatetemeka, likasimama. Injini ikanguruma, ikaendelea kunguruma.

Mzee Marijani akasogea, akaweka kiganja juu ya buti, akalisikiliza. "Linapumua," akasema. "Nendeni."

Kabla hawajapanda, Alfonsi alilivua gauni la bibi, akalikunja vizuri, akamrudishia Anjelina pamoja na kilemba na buti la kushoto. Akavaa shati lake la kazi. Akapanda nyuma, akakaa karibu na jeneza, akanyamaza. Na ule ndio uliokuwa ubaya wa safari ile. Walipita Kilwa Road, wakapita mjini, wakaifuata njia ya Bagamoyo, wakaiacha njia ya Kawe, na nyuma hakuna aliyesema kitu. Mtani anatakiwa asimamishe gari kila baada ya kitambo, aseme maiti ana kiu, amtukane dereva. Mtani akinyamaza, msiba unakuwa mkavu, watu hawajui walie saa ngapi. Nikodemu alishika usukani kwa nguvu, anasikiliza injini, na bado amekasirika. Amekasirika kwa sababu yule mtu ananyamaza. Alitamani angalau atukanwe, ajue pa kuanzia.

Baada ya Tegeta lami wakaiacha, mchanga ukaanza. Vumbi likapanda, likajaa kila mahali, kwenye nywele, kwenye meno. Chini ya boneti buti la Bibi Sesilia lilivuta hewa iliyokwisha kuchujwa, na injini haikukohoa hata mara moja. Walifika Mbweni saa nane haijagonga. Kaburi lilikuwa tayari kando ya kaburi la mzee, nyuma ya kanisa la udongo, limechimbwa na watu wa huko tangu asubuhi.

Katekista akasoma. Kamba zikatandazwa. Wanaume wakaliinua jeneza. Na hapo, kabla mtu hajasema teremsheni, Alfonsi akatembea mpaka ukingoni, akaruka, akatumbukia ndani ya kaburi, akalala chali.

"Sitoki," akasema kutoka chini.

Watu wakatazamana. Wengine walishusha pumzi, maana ndivyo mtani afanyavyo, na walikwisha kukata tamaa kwamba atafanya. Wengine walimtazama Nikodemu mkono wake.

"Unataka nini?" Anjelina akauliza. "Jogoo alitoroka. Tutakupa mwingine."

"Sitaki jogoo. Namtaka huyo kaka yako. Asubuhi amenipiga kwa chuki. Mie na yeye sasa si watani, ni watu tu. Na mtu tu hawezi kumzika mtani wake. Anitukane. Anitukane vizuri, kwa utani, ndipo nitoke."

Nikodemu akasogea ukingoni. Alfonsi alikuwa amelala huko chini, mikono kifuani, mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu, kandambili nyingine ilimvuka aliporuka. Tangu asubuhi Nikodemu alikuwa ameyamwaga matusi yanayojaza gunia. Sasa anaombwa tusi moja, la kuchekesha, na kinywani hamna kitu. Watu wakangoja, na wenye jeneza mabega yakawauma.

"Toka humo, Mngoni," akasema mwishowe. "Shimo hilo limechimbwa la mtu wa maana."

Wachache wakacheka, cheko la huruma.

"Hilo tusi la mtoto mdogo," Alfonsi akasema. "Mama yako angenitukana vizuri zaidi."

"Mama yangu hayupo!" Nikodemu akafoka.

Alilisema kwa hasira, kama alivyosema kila kitu siku ile. Lakini lilipokwisha kutoka alilisikia. Hakuwa amelisema bado, si dukani kwenye foleni, si kwa Mzee Marijani, si kwa dada yake. Alikuwa akisema maiti, mazishi, jeneza, msiba. Akasimama pale ukingoni.

"Hayupo, Alfonsi," akasema tena, taratibu. "Mama hayupo."

Akakaa chini mchangani, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, kilio cha mtu mzima asiyejali nani anamtazama. Anjelina ndiye aliyemwambia asubuhi asilie, na Anjelina ndiye aliyemfuata kukaa pale, wakalia wote.

Alfonsi hakudai tusi jingine. Aliinuka, akaunyosha mkono wake mkubwa kutoka kaburini. "Nivute basi, mwizi wa mabuti," akasema. "Ama unataka mama akutane na Mngoni huku chini? Atanifukuza mpaka Songea."

Nikodemu akacheka katikati ya kilio, kamasi zinamtoka, akamshika mkono akamvuta. Alipokwisha kumtoa hakumwachia.

Anjelina akaweka buti la kushoto juu ya jeneza, upande wa miguu. Kisha Mmwera akashika kamba upande huu na Mngoni upande ule, wakamteremsha bibi polepole, na jua lilikuwa limepita saa nane zamani. Wakalala Mbweni. Jumatatu asubuhi Landrova ikawashwa mara moja tu, ikarudi Keko ikipumua kwa buti la kulia.